Kiinua Mgongo

Lameki ananigeuzia kioo cha kompyuta,
Barabara ya Saba, kijiofisi kati ya fundi simu na muuza mabati.
"Mwalimu, tazama mwenyewe:
treni mpaka Dar, kisha Adis Ababa, kisha Sao Paulo,
halafu Santa Kruz, ndipo La Paz.
Saa hamsini na moja, ukihesabu kusubiri."

Nahesabu kusubiri.
Nahesabu tangu mwaka wa themanini na sita,
nilipokabidhiwa chaki na darasa la sita, Kongwa,
na ramani ya ukutani iliyoliwa na mchwa
kuanzia Ajentina kwenda juu.
Palipoliwa nilipachora mwenyewe ubaoni:
Andes, meno ya msumeno, kona hadi kona.
Nikasema, huu ndio uti wa mgongo wa bara lile,
na juu yake upo mji ambao watu
hupanda kwenda uwanja wa ndege, hawashuki.
Mazoya, dawati la nyuma, kiatu kimoja mkononi:
"Mwalimu, wewe umefika?"
Nikamwambia, fungua ukurasa wa arobaini.

Ukurasa wa arobaini ulikuwa wa pamba ya Misri.

Sasa serikali imenilipa kiinua mgongo.
Neno hili nililichekea peke yangu jikoni,
maana mgongo wenyewe una pingili mbili zilizosagika
na hauinuki ila kwa kushika meza.
Ndugu nao wakaja, kila mmoja na mgongo wake wa kuinuliwa.
Shemeji anataka pampu ya maji.
Nyemo, mdogo wangu, anataka ekari mbili Hombolo:
"Dada, zabibu hazidai pasipoti."

Kweli. Hata karanga hazikudai.
Zilitoka upande uleule, chini ya milima ileile,
zikavuka bahari bila viza,
bila kadi ya manjano,
zikaletwa Kongwa kwa kelele na matrekta.
Babu alikuwepo. Alisimulia vyuma vilivyokatika meno
katika udongo wetu mwekundu, kiangazi kilivyoufanya tofali,
na wazungu walivyofunga mizigo.
Yeye alibaki na debe moja la mbegu
na kikohozi cha vumbi.
Nadhani si vibaya mtu mmoja wa kwetu
aende kule akaseme: zilifika.

Daftari langu, ukurasa wa kushoto:
sindano ya homa ya manjano (tayari, mkono bado unauma),
viza, barua ya benki, sweta mbili, soksi za kubana miguu,
saa zao ziko nyuma yetu saba,
nikiamka wao ndio kwanza wanalala.
Ukurasa wa kulia nimeandika neno moja, hewa.

Sisi hapa tuko mita elfu moja na mia ushei.
Kule ndege inatua penye elfu nne.
Hewa nyembamba kama uji wa mgeni wa ghafla:
maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha,
maharage yanakaa jikoni mpaka wageni waage.
Daktari amenipima presha mara tatu, akanitazama.
"Nenda, mama. Ila siku mbili za kwanza usiwe na haraka."
Hajui kwamba haraka ilikwisha zamani.

Basi kila alfajiri napanda kilima cha Mlimwa,
hatua kumi, pumzi; hatua kumi, pumzi.
Vijana wanaokimbia wananipita wakisema shikamoo
kabla sijapata pumzi ya marahaba.

"Bei inakufa Ijumaa saa sita mchana," anasema Lameki.
"Na kiti? Dirishani au njiani?"
Kibofu changu kinataka njiani.
Magoti yote mawili yanataka njiani.
Mazoya, wanasema, anauza vyuma chakavu Kibaigwa,
ana wajukuu; pengine amesahau kwamba aliuliza.

Niandikie dirishani, Lameki.
Na hao wawili nitakaokaa nao
waombee radhi mapema.
Nitawaamsha.